Shairi la mwanafunzi lastahili jibu, si hesabu ya mizani pekee

Hakuna mada inayopendwa na watunzi chipukizi katika shule zetu kama mada ya binadamu. Mpe mwanafunzi wa sekondari karatasi tupu, umwambie atunge shairi la beti nne juu ya jambo lolote alipendalo, na aghalabu atakuletea utungo uitwao "Binadamu", au "Walimwengu", au "Mja Hana Shukrani". Ndani yake utamkuta huyo binadamu akicheka ilhali ameficha kisu, akilipa wema kwa ubaya, na akimsahau aliyemfaa wakati wa dhiki. Kibwagizo kitakuwa cha kuonya. Mwalimu ataupokea utungo huo, atahesabu mizani, atavizungushia wino mwekundu vina vilivyopotoka, ataandika alama na neno moja la kuhimiza, kisha atauchukua utungo wa pili katika rundo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha isimu ya Kiswahili katika chuo kikuu, na miongoni mwa vijana wanaonijia katika mwaka wa kwanza hawakosekani wale waliowahi kutunga mashairi shuleni, wakaacha. Nikiwauliza sababu, ni nadra kumsikia anayesema kwamba aliambiwa shairi lake ni baya. Wengi husema kwamba hawakuambiwa kitu. Waliambiwa kwamba mshororo wa tatu una mizani kumi na saba.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya matatizo mengine ya elimu yetu, na huenda msomaji akauliza kwa nini nalipotezea wino. Nalo si dogo hata kidogo. Shairi juu ya hulka ya binadamu ni dai. Anayesema kwamba binadamu hana shukrani amesema jambo ambalo laweza kuwa kweli, laweza kuwa uongo, au laweza kuwa kweli kwa nusu yake. Na maadamu msomaji naye ni binadamu, ametajwa humo. Ajabu ni kwamba sisi walimu, tukiisha kushtakiwa namna hiyo mbele ya darasa zima, humjibu mshtaki kwa kumwambia kwamba ubeti wake wa pili una kasoro ya vina. Hebu fikiria jirani akujie usiku, akuambie kwamba watu wote ni wasaliti, nawe umrekebishe matamshi.

Washairi wa kale hawakuzoea hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikihasimiana hadi zikapigana pale Shela, katika vita vijulikanavyo pia kama vita vya Kuduhu, mashairi yalivuka bahari kutoka mji mmoja hadi mwingine. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga upande wa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu, na kila utungo uliotumwa ulitazamiwa urudishiwe wake. Kisiwani Pemba, baadaye katika karne hiyo hiyo, Kamange na Sarahani walishindana kwa tungo hata majina yao yakawa hayatajwi ila kwa pamoja. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, kurasa zake ziliwapokea watunzi wa bara na pwani, na desturi ya kuulizana na kujibizana kwa mashairi ikahamia katika karatasi. Magazeti yaliyofuata, hata hapa Kenya, yaliirithi.

Katika mila hiyo, kujibiwa kulikuwa heshima. Aliyetungiwa jibu alijua kwamba neno lake limefika mahali. Tena, na hapa naomba walimu wenzangu wanisikilize kwa makini, desturi ya majibizano ilibeba ndani yake somo la umbo. Mjibuji aghalabu alishika bahari ile ile ya aliyemwanza, na mara nyingi vina vile vile. Kama vina vya mwanzo vilikuwa vimeyumba, jibu lilivionyesha vilivyonyooka, bila mtu kuandika "kosa" pembeni. Umbo na maana vilisahihishwa kwa pumzi moja.

Tulifikaje basi hapa tulipo? Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, alitoa kitabu chake kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kazi hiyo ilikuwa ya manufaa makubwa, kwa kuwa iliyaweka wazi kwa wote mambo ambayo hapo kabla mtu aliyapata kwa kukaa barazani na kutega sikio. Mtu wa bara asiye na mjomba malenga aliweza sasa kujifunza. Lakini darasa liliichukua sheria likaliacha baraza. Kisha ukaja mtihani. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE mtahiniwa huulizwa juu ya bahari, dhamira, muundo na uhuru wa mshairi, naye hujibu kwa orodha aliyoikariri: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Mwanafunzi aliyezoezwa kuchambua hivyo shairi la mwingine, na mwalimu aliyezoezwa kusahihisha majibu hayo, wakikutana juu ya shairi ambalo mwanafunzi amelitunga mwenyewe, watafanya nini zaidi ya kuhesabu?

Nina mfano mmoja mkononi, nao nimeuchukua kutoka mbali na pwani, kwa kuwa huko ndiko suala hili linakowaka zaidi.

Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Viktoria kilicho katika kaunti ya Homa Bay, na msafiri hukifikia kwa chombo kutoka Mbita. Wenyeji wake ni Wasuba, ambao lugha yao, Kisuba, ni ya Kibantu. Lakini kwa vizazi kadhaa Dholuo imekuwa ikichukua nafasi yake, hivi kwamba mtoto wa leo aghalabu hukua akisema Dholuo, akikisikia Kisuba kwa babu na nyanya, kisha akakutana na Kiswahili na Kiingereza darasani. Mtoto kama huyo akitunga shairi la Kiswahili lenye mizani na vina, amefanya kazi ambayo wengi wetu tuliozaliwa na lugha hii hatuijui uzito wake.

Mwalimu mmoja anayefundisha kisiwani humo, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, ni mlezi wa chama cha Kiswahili shuleni kwake. Mwezi wa Julai 2024, siku chache baada ya Siku ya Kiswahili Duniani, alinialika nikae na wanachama wake alasiri mbili. Tungo zao zilikuwa zimekwisha kusahihishwa kwa ajili ya shindano fulani, nazo zilikuja kwangu zikiwa na wino wake mwekundu. Mojawapo ilikuwa ya msichana wa kidato cha tatu, na kichwa chake, kama msomaji alivyokwisha kukisia, kilikuwa "Binadamu". Kwa ruhusa yake nanukuu ubeti wa kwanza:

Binadamu ni mnyama, rafiki yake ni nani,
Akuchekea daima, na kisu ki mfukoni,
Ukimtendea wema, hukulipa uhaini,
Ewe mja jihadhari, usimtie rohoni.

Msahihishaji aliupigia ubeti huu alama ya vyema. Kwa hakika umbo lake halina dosari: mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vya kati vimetulia katika mishororo mitatu na kibwagizo kimejitenga kama kilivyoruhusiwa, vina vya mwisho vimeshikana hadi chini. Lakini hamna mtu ndani yake. Kisu hicho tumekiona katika mashairi mia. Mnyama huyo hana kwato wala manyoya. Ni ubeti ambao ungeweza kutungwa Kitui, Kigoma au Kisangani, na mtunzi yeyote, siku yoyote, hata kama hajawahi kusalitiwa na mtu maishani mwake.

Ubeti wa pili ulikuwa umejaa wino. Mtunzi alifunga vipande vya kwanza kwa maneno "maisha", "mapesa" na "kutosha", na kati ya sha, sa na sha msahihishaji akaandika: "Vina!" Neno hilo moja, na alama ya mshangao. Sasa, mtu wa isimu hawezi kulipita jambo hili. Dholuo haina sauti ya sh, wala haina z, wala v. Aliyekua ndani ya lugha hiyo hujifunza Kiswahili akiwa na sikio ambalo kwa miaka mingi halijahitaji kuitenga sh na s. Kwa sikio la msichana yule, vina vyake vilikuwa kamili. Hakukosa kwa uvivu. Alisikiliza, na akaandika kile alichokisikia.

Je, tumwachie? La. Kiswahili sanifu hutenganisha suka na shuka, saka na shaka, saa na zaa, naye ataandikia wasomaji wanaozitenga. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu "Vina!" na kumwambia: "Sikio lako limeunganisha sauti mbili, soma maneno haya mawili kwa sauti, uangalie ulimi wako unakaa wapi, kisha urudi kwenye ubeti wako." Kauli ya kwanza humwachia aibu asiyoijua chanzo chake. Ya pili humpa chombo cha kufanyia kazi. Na tusisahau kwamba watunzi wa pwani wenyewe hufuata sikio la lahaja zao. Mtu wa Lamu asema ndoo pale wa Unguja asemapo njoo, asema mato ilhali mwenzake asema macho, na vina vyake huenda sambamba na ulimi wake. Yeye tunamwita malenga. Mtoto wa Mfangano tunampa alama ya kosa. Najua kwamba lahaja ni jambo moja na athari ya lugha ya kwanza ni jambo lingine, wala siyachanganyi. Lakini mwalimu anayezijua zote mbili husahihisha kwa mkono mwepesi.

Nije sasa kwenye ubeti wa tatu, ambao ndio ulionifanya niandike makala haya. Mshororo wake wa kwanza ulisema:

Mwenye boti apima samaki, kwanza ampima mama.

Pembeni mwake palikuwa na tarakimu: 10, 8. Chini yake: "Mizani imezidi. Sahihisha."

Hesabu ni sahihi. Kipande cha kwanza kina mizani kumi pale panapotakiwa nane, na kwa istilahi zetu shairi lenye kasoro ya namna hiyo huitwa guni. Lakini soma tena. Katika fuo za ziwa hili, upande wa Kenya, neno jaboya linajulikana na kila mtu mzima: ni mvuvi au mwenye chombo amtakaye mchuuzi mwanamke mwili wake kabla hajamuuzia samaki. Watafiti na waandishi wa habari wameliandika jambo hili kwa miaka mingi, hasa kwa sababu ya mchango wake katika kueneza UKIMWI. Msichana wa kidato cha tatu, baada ya beti mbili za binadamu asiye na uso, ghafla amemwona mtu. Ana boti. Yuko ufuoni. Anapima samaki, na macho yake yamekwisha kumpima mwanamke aliyeshika beseni. Maneno saba, hakuna tusi, hakuna neno la kuaibisha, na kila msomaji wa ziwani ameelewa.

Kiswahili nacho kina kejeli yake. Mizani ndicho chombo anachopimiwa mbuta ufuoni, na mizani ndizo silabi za mshororo. Msahihishaji aliishika mizani ya pili, na ile ya kwanza haikumpitia machoni.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Mtunzi chipukizi anayeandika juu ya hulka ya binadamu huanza, karibu kila mara, kwa kuazima binadamu wa watu wengine. Hilo si dhambi, kwani ndivyo lugha inavyofunzwa. Lakini mahali fulani katika utungo, mara nyingi mahali panapochechemea, binadamu wake mwenyewe hujitokeza. Huchechemea kwa sababu hakuna aliyemwachia mshororo uliokwisha kupimwa. Ameutafuta peke yake. Kazi ya kwanza ya anayetoa maoni ni kupatafuta mahali hapo, na kuweka kidole. "Hapa nimemwona mtu. Kwingine nimesikia maneno." Baada ya hapo hesabu za mizani ziendelee, tena zihesabiwe kwa ukali, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kuokoa.

Wapo watakaosema kwamba najaribu kuwabembeleza wanafunzi. Sivyo. Sifa tupu ni ugonjwa ule ule ukiwa na sura ya tabasamu. Nimeshuhudia vyuoni vijana wakisomeana mashairi na kupigiana makofi, "umetisha, malenga", hadi jua likachwa, na hakuna aliyetoka na neno moja la kufanyia kazi. Mtu aliyeambiwa "hongera" hajui ni nini alichokifanya vizuri, hivyo hawezi kukirudia. Ningependelea mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba ubeti wake wa kwanza ni wa kuazima, kuliko apewe kumi juu ya kumi kwa huo huo.

Kuna hadhari moja ambayo sharti niitaje, hasa kwa walimu. Shairi la namna hii likifika mezani, kishawishi cha kuuliza mbele ya darasa, "Huyu mama ni nani? Ni mama yako?", ni kikubwa. Tukiepuke. Katika Kiswahili mama ni mwanamke yeyote mzima, na mtunzi amejisitiri katika neno hilo kwa haki yake. Maoni juu ya shairi yabaki katika shairi. Kama mwalimu ana hofu kwamba kuna mtoto aliyedhuriwa, mlango wa ushauri nasaha uko, na huko huenda kwa faragha na kwa utaratibu wake. Wala hofu hiyo isigeuzwe kuwa swali la ufahamu. Mwanafunzi akiona mara moja tu kwamba kusema kweli katika shairi kunamletea mahojiano, atarudi kwa yule mnyama mwenye kisu mfukoni, na hatamwacha tena.

Alasiri ya kwanza tuliwasomea wanachama shairi lile bila kutaja jina la mtunzi. Tuliwaomba wasiseme zuri au baya. Kila mmoja ataje mshororo aliobaki nao kichwani. Zaidi ya nusu ya chumba waliutaja ule wa mwenye boti. Hapakuhitajika nadharia yoyote kumwonyesha mtunzi uzito wake ulipo. Alasiri ya pili tuliwataka wamjibu, kwa shairi, kama walivyofanya wa kale. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, alikuwa ameudhika. Alisimama akasoma ubeti wenye makosa mawili ya vina na mshororo huu:

Baba hakulala jana, amtafuta jirani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Dhoruba za ziwa hili huja kwa ghafla, na chombo kikipinduka usiku, wenye boti ndio hao hao wanaoingia majini kumtafuta mtu ambaye hata si wa ukoo wao. Mvulana hakukanusha kwamba jaboya wapo. Alisema tu kwamba mwenye boti si mmoja. Nadhani katika chumba kile, kwa muda wa robo saa, tulikuwa na mjadala juu ya hulka ya binadamu ulio mzito kuliko mingi niliyoisikia katika kumbi za semina, na ulifanywa na watoto wawili, kila mmoja akiwa na mshororo mmoja.

Nimetaja desturi ya pwani, lakini isidhaniwe kwamba watoto hawa walikuwa wakifundishwa mila ya kigeni. Katika ngoma ya nyatiti, miongoni mwa Waluo, msikilizaji hamwachi mwimbaji aimbe peke yake: humkatiza ili ajisifu, au amsifu mwenziwe, kwa maneno yaliyotiwa chumvi na ustadi, desturi hiyo huitwa pakruok. Utungo usiokatizwa na mtu, kwa jicho la mila hiyo, ni utungo uliopwaya. Shule ndiyo iliyoleta mazoea ya kukusanya tungo zikiwa zimekunjwa na kuzirudisha zikiwa zimekunjwa.

Sasa nigeukie upande wa pili, wa anayepokea maoni, kwa maana wanafunzi nao wana sehemu yao. Mtunzi chipukizi akiambiwa jambo juu ya shairi lake, neno lake la kwanza huwa, "Lakini mimi nilimaanisha..." Nawaomba walimeze neno hilo, angalau kwa dakika kumi. Shairi litakapochapishwa gazetini halitakwenda na mtunzi wake mkononi ili amweleze kila msomaji alichokusudia. Kama watu watatu wamesoma mshororo mmoja na wote wameuelewa vingine, basi mshororo ndio unaosema vingine. Asikilize, aandike, anyamaze, alale usiku mmoja. Kisha ana haki kamili ya kukataa. Maoni si amri, na mwenye shairi ni mmoja.

Msichana wetu alikuwa na kipaji cha kusikiliza ambacho ni adimu hata kwa watu wazima. Aliketi akiwa amefumba mikono, hakujitetea hata pale mvulana aliposoma kwa hasira. Siku iliyofuata alileta masahihisho. Vina vya ubeti wa pili alikuwa amevirekebisha. Kibwagizo alikuwa amekigeuza: badala ya "usimtie rohoni" sasa kilisema "mchague wa rohoni". Mizani nane kama awali, neno moja limebadilika na jingine limepinduka, lakini shairi zima limehama. La kwanza lilimhukumu binadamu. La pili linakiri kwamba kuna wa kuchagua, yaani kuna mwenye boti wa aina mbili. Hakuna mwalimu aliyemwambia afanye hivyo. Alijibiwa, naye akajibu.

Ule mshororo wa ubeti wa tatu nao aliutengeneza:

Mwenye boti na samaki, kwanza ampima mama.

Nane kwa nane. Mwalimu wake alifurahi sana, na wanachama wakapiga makofi. Mimi binafsi ningeuacha wa kwanza. Katika ule wa zamani, kitenzi "pima" kilitokea mara mbili, na katika kukirudia ndimo ilimokuwa dhihaka: kazi moja, macho yale yale, samaki na mtu. Katika ule mpya, kupima kumebaki kwa mama peke yake, na samaki wamekuwa mali tu. Nilimwambia hivyo. Akafikiri, akasema anaupenda mpya kwa sababu unasomeka bila kukwama. Tukaachana hapo, na shairi ni lake.

Bila shaka atakuwapo msomaji atakayeuliza: kwani ana lazima gani ya mizani nane? Swali hilo lina historia, na kwa bahati njema historia yenyewe ina kisiwa cha ziwa hili hili. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe, upande wa Tanzania, na lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili bali Kikerewe. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, ilikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ilizua ubishi mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ambao mwangwi wake haujaisha hadi leo, ijapokuwa mwenyewe alifariki mwaka 2020. Wengine walisema hayo si mashairi ya Kiswahili. Wengine waliyatetea kwa nguvu. Mimi nina upande wangu katika ubishi huo, lakini si leo. Ninachotaka walimu na wanafunzi wakione ni kwamba Kezilahabi alijibiwa. Watu walimsoma, wakamkasirikia, wakaandika makala na vitabu. Kama Kichomi ingerudishwa kwake ikiwa na maandishi "mizani imezidi, sahihisha", sijui kama tungepata alichokiandika baadaye.

Kwa msichana wa Mfangano, nilimshauri mwalimu wake asimpeleke bado katika mashairi huru. Mtu huvunja vizuri kile anachoweza kukijenga. Lakini siku atakapoamua kwamba mizani kumi ndiyo inayosema anachotaka kusema, avunje kwa kukusudia, na sisi tuwe na masikio ya kutambua kwamba alikusudia.

Najua pingamizi la walimu, nalo ni la haki. Kipindi ni cha dakika arobaini. Darasa lina wanafunzi hamsini na ushee. Mitaala ina mambo mengi, na mkuu wa shule anauliza juu ya wastani wa alama, haulizi juu ya vibwagizo. Ni mwalimu gani atakayepata nafasi ya kuijibu kila tungo kama vile Zahidi alivyomjibu Muyaka?

Mwalimu wa Mfangano amepata njia yake, nami naitoa kama nilivyoikuta. Shairi halipewi alama mara ya kwanza. Linarudishwa na mambo mawili tu yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: mshororo mmoja uliobaki kichwani mwa msomaji, na swali moja. Swali lenyewe, kwa tungo za binadamu, karibu kila mara ni lile lile: "Nani?" Mizani na vina husahihishwa na wanafunzi wenyewe, wawili wawili, wakisomeana kwa sauti, na kwa watoto wenye Dholuo nyumbani kusoma kwa sauti kuna faida ya ziada kwa sh na s. Alama huja mara ya pili. Yeye mwenyewe huandikia tungo tano kwa juma, na nyingine huandikiwa na wanachama wa chama cha Kiswahili, ambao wamezoezwa kuandika mshororo na swali, basi, bila "hongera" wala "jitahidi". Kwa muhula mmoja kila mwanafunzi hupata kujibiwa angalau mara moja na mwalimu na mara kadhaa na wenzake.

Nilipoondoka, ubao wa matangazo wa shule ulikuwa na karatasi mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu: shairi la msichana, na la yule mvulana, ambaye alikuwa amerekebisha kosa moja la vina kati ya mawili. Chini yao palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi, na tayari mtu, kwa penseli, alikuwa ameanza ubeti wa tatu.